Waliosoma Pamoja Fort Hare, na Maisha Yao Baada ya Chuo



Mwaka jana, siku ya kuwapongeza vijana wetu waliomaliza sekondari hapa kambini, kijana mmoja aliomba nafasi ya kusema. Aliwashukuru walimu, akayashukuru mashirika, kisha akauliza swali ambalo halikuwemo katika ratiba. Alisema kwamba sisi wazee tulisoma. Yupo mwenye diploma ya ualimu, yupo aliyekuwa mhasibu, yupo aliyekuwa muuguzi wa hospitali kubwa. Lakini siku ya mgao anatuona katika foleni ileile anayopanga yeye na mama yake. Basi tunapomwambia asome, asome awe nani?

Watu walicheka. Sisi wa meza ya mbele tulicheka pia, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Lakini wengi wetu hatukulala vizuri usiku ule.

Kamati iliagiza kitengo cha elimu kiandike jibu katika toleo hili la ukumbusho. Tulikaa mara tatu. Mara ya kwanza tulianza kuandika juu ya faida za elimu kama zinavyoandikwa kila mwaka, tukaacha, maana kijana yule ameshazisikia zote. Mara ya pili tuligombana. Mara ya tatu mwenzetu mmoja alileta picha ya darasa lake, ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni tangu mwaka 1996 alipovuka ziwa kwa mtumbwi. Ni darasa la chuo cha ualimu huko Kivu ya Kusini, na watatu kati yetu tumo katika picha hiyo, vijana wembamba wenye mashati meupe. Tukaanza kuhesabu: huyu yuko wapi, yule yuko wapi. Hapo ndipo tulipoona jibu liandikwe hivyo, kwa kufuata watu waliosoma pamoja na kutazama maisha yalivyowafanyia baada ya miaka ishirini, thelathini, hamsini.

Habari za darasa letu ni fupi na hazijaandikwa popote. Kwa hiyo tumechukua chuo ambacho habari za wanafunzi wake zinajulikana, nacho ni Fort Hare cha Afrika Kusini. Tumekichagua kwa sababu moja kubwa: wengi wa waliosoma pale waliishi ukimbizini, na baadhi yao waliishi katika nchi hii hii ya Tanzania inayotuhifadhi sisi.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Alice, karibu na misheni ya Lovedale, upande wa mashariki wa jimbo la Cape. Jina lake la kwanza lilikuwa South African Native College. Fort Hare lilikuwa jina la ngome ya Waingereza iliyojengwa pale zama za vita vyao na Waxhosa, na watu wakalizoea jina la ngome kuliko jina la chuo. Mkuu wa kwanza alikuwa Mskoti, Alexander Kerr, na mwalimu Mwafrika wa kwanza alikuwa D.D.T. Jabavu, aliyepata shahada yake London. Mwanzoni walimu wa chuo kizima walikuwa hao wawili tu.

Kilikuwa chuo kidogo. Nelson Mandela, aliyeingia mwaka 1939, ameeleza kwamba wanafunzi walikuwa 150 hivi. Walilala katika mabweni ya madhehebu: Wamethodisti Wesley House, Waanglikana Beda Hall, Wapresbiteri Iona. Walikula pamoja na kusali pamoja. Hawakuwa wa Afrika Kusini peke yao. Walitoka Basutoland na Bechuanaland, ambazo leo ni Lesotho na Botswana, wakatoka Rhodesia, Nyasaland, Uganda na Kenya. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944, alipita pale.

Wenzetu wa Kongo tuliosoma chini ya mfumo wa Wabelgiji tunaweza kupima maana ya jambo hilo. Thomas Kanza alipata shahada yake Louvain mwaka 1956, naye anatajwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu. Kule Alice mtu wa kwanza alikuwa ameshapata shahada miaka 33 kabla yake.

Mtu huyo ni Zachariah Keodirelang Matthews, ambaye wote walimwita Z.K. Alizaliwa mwaka 1901 karibu na Kimberley. Mwaka 1923 alipata shahada ya B.A. Fort Hare, wa kwanza kuipata pale. Mwaka 1930 akaongeza ya sheria, kisha akaenda Yale huko Marekani na London kwa masomo ya juu. Alirudi Fort Hare kufundisha mwaka 1936, akawa profesa. Mkewe Frieda, binti wa mchungaji na mtunga nyimbo John Knox Bokwe, alikuwa mwalimu pia.

Tunakaa kidogo kwa mzee huyu kwa sababu maisha yake yanamjibu kijana wetu zaidi ya mengine yote. Mwaka 1953 ndiye aliyetoa wazo la kuitisha mkutano mkubwa wa wananchi wa rangi zote, na kutokana na wazo hilo ukatoka Mkataba wa Uhuru wa mwaka 1955. Desemba 1956 polisi walimkamata kwa kosa la uhaini pamoja na wengine 155, miongoni mwao mwanawe Joe. Baba na mwana katika kesi moja. Waliachiwa baadaye. Kisha mwaka 1959 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kukichukua chuo cha Fort Hare na kukifanya cha kabila. Z.K. alikuwa amebakiza muda mfupi tu afikie kustaafu. Angenyamaza angepata kiinua mgongo chake chote. Alijiuzulu, akakikosa.

Fikirini mtu wa karibu miaka 60, profesa, anaondoka katika nyumba ya chuo bila pensheni. Mwaka 1962 alikwenda Geneva kufanya kazi katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kitengo cha misaada ya makanisa na wakimbizi, akishughulikia Afrika. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma kurasa hizi watambue kwamba huyu naye alikuwa mfanyakazi mwenzao, aliyeandika ripoti za wakimbizi huku yeye mwenyewe akiwa mbali na kwao. Mwaka 1966, Botswana ilipopata uhuru, rais wake Seretse Khama alimteua Z.K. kuwa balozi Marekani na katika Umoja wa Mataifa. Kumbe Seretse naye ni mtoto wa Fort Hare, alipata shahada yake pale mwaka 1944. Z.K. alifariki Washington Mei 1968, akazikwa Gaborone. Hakurudi kwao.

Lakini habari ya jamaa hiyo haikuishia kaburini. Joe alikaa miaka mingi nje, akafanya kazi ya sheria serikalini Botswana, na baada ya mwaka 1994 akawa naibu waziri Afrika Kusini. Binti wa Joe, Naledi Pandor, alizaliwa mwaka 1953, akakulia ukimbizini na kusoma Botswana. Mwaka 2004 akawa Waziri wa Elimu wa Afrika Kusini. Babu alifukuzwa na sheria ya elimu ya serikali moja, na mjukuu akasimamia elimu ya serikali nyingine. Kati ya mambo hayo mawili kuna miaka 45. Tunaiandika hesabu hiyo kwa makusudi, ili asiwepo wa kudhani ilikuwa miaka mitano.

Sasa tutazame waliokuwa vijana mwaka 1939 na 1940. Mandela alikuwa na miaka 21 alipofika. Mwenyeji wake alikuwa Kaiser Matanzima, jamaa yake wa ukoo wa watawala wa Wathembu, aliyekuwa mbele yake kimasomo. Matanzima alimpokea vizuri, akagawana naye hata fedha zake za matumizi. Oliver Tambo, mtoto wa wakulima kutoka Pondoland, alikuwa Beda Hall, hodari sana wa hesabu na sayansi. Mandela na Tambo walikuwa pamoja katika chama cha wanafunzi Wakristo, wakawa wakienda vijijini siku za Jumapili kufundisha watoto Biblia.

Mwaka 1940 ulitokea mgogoro, na wasomaji wetu wataupenda: chanzo chake kilikuwa chakula. Wanafunzi walilalamikia chakula cha bweni, na pia walitaka baraza lao lipewe nguvu zaidi. Wengi walisusia uchaguzi. Mandela alichaguliwa na wachache waliopiga kura, akakataa kukikalia kiti hicho. Mkuu wa chuo alimwambia achague: aingie barazani au asirudi chuoni. Hakurudi. Alikwenda Johannesburg, akamalizia shahada kwa posta, na mwaka 1943 akarudi Alice kwa ajili ya sherehe ya kuipokea tu. Tambo alipata shahada ya sayansi mwaka 1941, na mwaka 1942, akiwa katika mafunzo ya ualimu, akafukuzwa kwa sababu ya mgomo. Alifundisha hesabu Johannesburg katika shule ya St Peter's, kisha akageukia sheria. Mwaka 1952 wale wawili wakafungua ofisi ya mawakili, Mandela na Tambo.

Kwa hiyo, vijana, katika hao wawili hakuna aliyemaliza Fort Hare bila kufukuzwa. Msichukue hilo kuwa ruhusa ya kugoma. Walimu wetu wamesema tuliandike jambo hilo waziwazi.

Tambo alimwoa Adelaide Tsukudu, muuguzi, Desemba 1956, siku chache baada ya kukamatwa katika kesi ileile ya uhaini, akiwa nje kwa dhamana. Machi 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, chama chake kilimtuma nje. Alivuka mpaka kuingia Bechuanaland, akafika Dar es Salaam. Alidhani safari itakuwa fupi. Alirudi nyumbani tarehe 13 Desemba 1990. Miaka 30.

Katika miaka hiyo Adelaide aliishi London na watoto watatu, akafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku nyingi, maana mumewe alikuwa safarini daima: Morogoro, Lusaka, New York. Wale waliofanya kampeni za kimataifa tunawajua kwa majina. Aliyelipa kodi ya nyumba na kuwapeleka watoto shule alikuwa muuguzi. Mama zetu wa kambini hawahitaji maelezo zaidi hapo. Tambo alipatwa na kiharusi mwaka 1989, akafariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi alioutafuta maisha yake yote. Adelaide aliingia bungeni mwaka 1994, naye akafariki mwaka 2007.

Kuna Govan Mbeki, aliyemaliza Fort Hare katika miaka ya 1930. Alikuwa mwalimu, akafukuzwa kazi kwa siasa zake, akafungua duka na mkewe Epainette katika kijiji cha Mbewuleni. Mwaka 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela. Mwanawe Thabo alikuwa ameondoka nchini mwaka 1962, akapitia Tanganyika kwenda kusoma Uingereza. Govan alifunguliwa mwaka 1987. Baba na mwana walionana Lusaka Januari 1990, baada ya karibu miaka 28. Kati ya hapo mwana mwingine wa Govan, Jama, alipotea Lesotho mwaka 1982 na hakurudi. Epainette alibaki na duka lake kijijini miaka yote hiyo, mume gerezani, watoto nje. Mwanawe alikuwa rais wa nchi kuanzia mwaka 1999 hadi 2008, mama bado yuko vijijini. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98.

Robert Sobukwe alikuwa wa kizazi kilichofuata. Mwaka 1949 alikuwa rais wa baraza la wanafunzi Fort Hare, na hotuba aliyoitoa kwa niaba ya waliomaliza ilizungumzwa miaka mingi. Mwaka huohuo wauguzi wanafunzi wa hospitali ya Victoria, jirani na chuo, waligoma, na wanafunzi wa Fort Hare wakawaunga mkono. Humo ndimo alimofahamiana na Veronica Mathe, aliyekuja kuwa mkewe. Sobukwe alifundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akaongoza chama cha PAC tangu mwaka 1959, akaitisha maandamano ya Machi 1960 dhidi ya pasi. Alifungwa miaka mitatu. Ilipokwisha, bunge lilipitisha kifungu cha kumzuia tena, kikarudiwa mwaka hadi mwaka. Alikaa kisiwa cha Robben peke yake katika nyumba ndogo, haruhusiwi kuzungumza na wafungwa wengine, hadi mwaka 1969. Kisha alipelekwa Kimberley, hana ruhusa ya kutoka. Hakukata tamaa ya masomo: alimaliza sheria, akafungua ofisi ya uwakili huko huko Kimberley mwaka 1975. Alikufa kwa saratani Februari 1978, hajafika miaka 54. Veronica aliishi hadi mwaka 2018.

Tunafika kwa wale waliokaa Tanzania, ambao kwetu ni kama majirani wa zamani.

Herbert Chitepo wa Rhodesia alimaliza Fort Hare mwaka 1949. Mwaka 1954 akawa Mwafrika wa kwanza wa nchi yake kuwa wakili wa mahakama kuu. Mwaka 1962 alihamia Dar es Salaam, na Tanganyika ikamfanya Mkurugenzi wa Mashtaka, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Lisomeni tena: nchi changa ilimpa mtu wa nje kazi hiyo nzito, kwa sababu alikuwa na elimu iliyohitajika. Mkewe Victoria alifanya kazi ya ustawi wa jamii mjini humo. Chitepo aliondoka mwaka 1966 kwenda Lusaka kuongoza mapambano, akauawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake tarehe 18 Machi 1975. Victoria aliishi, akawa waziri katika Zimbabwe huru, akafariki mwaka 2016.

Orton Chirwa wa Nyasaland alisoma Fort Hare, akawa wakili Mwafrika wa kwanza wa nchi yake na Waziri wa Sheria. Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru wa Malawi, mawaziri waligombana na Dk. Banda, na Chirwa akakimbilia Tanzania. Alikaa hapa miaka 17, akifanya kazi ya sheria. Mkewe Vera naye ni mwanasheria, mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa hivyo. Desemba 1981 walikamatwa na watu wa Malawi kwenye mpaka wa Zambia, wao na mwana wao mmoja. Mwaka 1983 mahakama ya jadi iliwahukumu kifo wote wawili, mume na mke. Dunia ilipiga kelele, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Walikuwa gereza moja la Zomba, lakini kwa miaka kadhaa hawakuruhusiwa kuonana. Orton alifia humo Oktoba 1992. Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika. Alifunguliwa Januari 1993. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilimpa kazi ya kukagua magereza ya bara hili. Mama huyo alijua atazame nini akiingia gerezani.

Mwenzao Henry Chipembere, aliyepata shahada yake Fort Hare mwaka 1954, alikuwa katika ugomvi uleule wa mwaka 1964. Alishindwa, akakimbia, na kuanzia mwaka 1966 alifundisha Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam. Baadaye alikwenda Marekani, akafa huko mwaka 1975 akiwa na miaka 45. Hakuiona Malawi tena. Mkewe Catherine alirudi na kuingia katika siasa za nchi baada ya mabadiliko ya miaka ya 1990.

Yusuf Lule wa Uganda alitoka Fort Hare mwaka 1939 na shahada ya sayansi. Alifundisha Makerere, akawa mkuu wake mwaka 1964. Zama za Amin alikuwa nje. Machi 1979 wakimbizi wa Uganda walikutana Moshi, hapa Tanzania, wakamchagua mwenyekiti, na Aprili akaapishwa kuwa rais. Aliondolewa tarehe 20 Juni 1979, siku 68 tu. Akarudi ukimbizini, akafariki London mwaka 1985. Tarehe 20 Juni ndiyo tunayoadhimisha leo kama Siku ya Wakimbizi. Imetokea tu hivyo, lakini tuliipitia mara mbili.

Kijana mmoja wa kitengo chetu alisema tusiwataje wengine wa chuo hicho, maana wanaharibu habari. Tumekataa. Matanzima, yule aliyemgawia Mandela fedha zake, alikubali mpango wa ubaguzi, akatawala Transkei tangu mwaka 1963 na kupokea "uhuru" wake mwaka 1976, uhuru ambao serikali ya ubaguzi iliutoa na nchi nyingine hazikuutambua. Robert Mugabe alipata B.A. Fort Hare mwaka 1951. Alifungwa miaka kumi, na mwanawe mdogo alipofariki Ghana mwaka 1966 hakuruhusiwa kwenda kumzika. Gerezani alisoma kwa posta akapata shahada juu ya shahada. Akatawala tangu mwaka 1980 hadi alipoondolewa mwaka 2017, na katika utawala wake maelfu waliuawa Matabeleland na watu wengi wakaikimbia nchi. Ukurasa huu si wa siasa, na kamati haina upande. Lakini atakayesema kwamba shahada humfanya mtu kuwa mwema, huyu hapa mwenye shahada nyingi kuliko sisi wote.

Wengi wa Fort Hare, tukubali pia, hawakuwa marais wala wafungwa. Walikuwa walimu wa shule za vijijini, makarani, wachungaji, wakaguzi wa shule. Vitabu haviwataji. Mwaka 1953 serikali ilipopitisha sheria ya elimu ya Kibantu, iliyokusudia Mwafrika afundishwe kiasi cha kutumika tu, walimu wengi waliacha kazi au wakafukuzwa. Waliobaki walifundisha kwa mshahara mdogo katika madarasa yaliyojaa. Watoto wa madarasa hayo ndio waliotoka barabarani Soweto mwaka 1976, na wengi waliokimbia baadaye walifika Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC kilifungua shule mwaka 1978 katika ardhi iliyotolewa na Tanzania. Shule ile ikaitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Ilianza kwa wakimbizi na walimu wakimbizi. Baada ya Waafrika Kusini kurudi kwao, majengo yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wapo waliozikwa palepale Mazimbu.

Hapa tunarudi kwenye picha ya mwenzetu.

Katika mstari wa nyuma, wa kwanza kushoto alikufa mwaka 1996, hatujui kaburi lake. Anayemfuata yuko Canada, anaendesha lori, ana watoto wanne, na kila Krismasi anapiga simu. Wa tatu alirudi Uvira akawa mkuu wa shule, na mwaka 2025 vita vilipofika tena Kivu tulipoteza habari zake kwa miezi mitatu. Ameonekana, ni mzima. Katika mstari wa mbele yumo msichana aliyekuwa wa kwanza katika kila mtihani wa hesabu. Anauza samaki wakavu ng'ambo ya pili ya ziwa, na tumeambiwa watu wa soko lote humletea mahesabu yao. Yumo aliyekuwa mpole kuliko wote, akachukua bunduki. Na sisi watatu tuko hapa, tunafundisha kwa posho ambayo kila mtu kambini anaijua, wala hatutaitaja.

Tulimwita kijana yule, tukamsomea maandishi haya yote kabla hayajapigwa chapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hatukumjibu atakuwa nani. Ni kweli, hatukumjibu. Akaulizia habari za yule mama wa samaki, kama bado anakumbuka hesabu za maumbo, maana yeye zinamshinda. Tukamwambia zinamshinda kwa kuwa hahudhurii Jumamosi. Sasa anahudhuria, ijapokuwa anachelewa.

Jambo la mwisho ni la kazi. Vyeti vya wengi wetu vilipotea njiani, na kila anapohitaji kuthibitisha kwamba alisoma, anahitaji mtu aliyekaa naye darasani wa kumshuhudia. Mwaka huu tumepoteza wazee wawili waliokuwa mashahidi wa namna hiyo kwa watu wengi. Kwa hiyo kitengo cha elimu kimefungua daftari. Kila aliyesoma sekondari, chuo au shule ya uuguzi afike aandikishe jina la shule, mwaka wa kumaliza, na majina ya wenzake anaowakumbuka, waliopo na waliofariki, na mahali walipo kama anapajua. Mwenye picha alete, tutaitazama mbele yake na kumrudishia palepale. Daftari liko ofisi ya kamati, kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, isipokuwa siku za mgao.